Kifaru cha Juzuu ya Tisa

Jumamosi, 4 Mei

Mama ametoa tangazo wakati wa chai. Shangazi anahamia kwetu kabla ya mwisho wa mwezi. Anakuja na cherehani yake, na cherehani inataka meza. Nyumba nzima ina meza mbili. Moja ni ya kulia chakula. Nyingine ni yangu.

Si meza kubwa. Iko chumba cha nyuma, chini ya dirisha, na mguu wake mmoja mfupi umewekewa kadibodi iliyokunjwa mara nne. Juu yake vimepangwa vifaru kumi na kimoja, vyote vya aina moja ninayoipenda: vifaru vya vita vilivyobuniwa, vikachorwa, vikapigiwa mihuri, kisha kisitengenezwe hata kimoja. Vita viliisha, au chuma kiliisha, au mkubwa fulani alibadili mawazo baada ya chakula cha mchana. Vikabaki karatasi. Mimi navipa mwili, kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Ni lazima mtu avifanyie hivyo.

Nimemweleza Mama haya yote. Yaani, nimeyafikiria yote, kisha nikasema, "Lakini Mama."

Kaka, ambaye yuko chuo mwaka wa kwanza na anatembea kama waziri, amesema Jenerali aondoe majeshi yake kwa amani. Jenerali ni mimi. Ameongeza eti jeshi langu linakunywa gundi kuliko petroli.

Mama ni mtu wa haki. Ametoa sharti. Tarehe 18 chama cha watengeneza modeli kina maonyesho maktabani. Modeli itakayoshika nafasi ya kwanza huwekwa kwenye kabati la kioo, pale mlangoni, mwaka mzima. Kazi yangu ikiingia kabatini, Mama atajua ni kazi kweli, na cherehani ataitafutia pa kukaa. Isipoingia, basi ni mchezo. Mchezo hauhitaji meza.

Siku kumi na nne!

Jumapili, 5 Mei

Nimechunguza kwa utulivu kwa nini mwaka jana nilikuwa wa nne.

Mwamuzi wa chama ni mstaafu mmoja aliyekuwa akichora michoro ya mashine kiwandani. Tunamwita Mzee wa Rula, kwa sababu rula yake ya chuma haitoki mfukoni mwa shati ila kwa kazi. Mwaka jana aliiweka juu ya kifaru changu, akaiweka juu ya mchoro wa kitabuni, akaguna. Bomba la moshi nililiweka kushoto. Mchoroni lilikuwa kulia. Nafasi ya nne kati ya watano, na wa tano aliangusha modeli yake mlangoni.

Sheria ya chama inasema kila modeli iambatane na mchoro unaopatikana maktabani. Kwa hiyo tatizo si modeli zangu. Tatizo ni michoro ya watu wengine.

Mpango! Nitachora mwenyewe. Kifaru kisichojulikana na mtu yeyote, mchoro mmoja tu duniani, uliosahaulika ndani ya kitabu kizee. Mzee wa Rula ataugundua kwa mkono wake mwenyewe. Atafurahi. Kisha siku ya maonyesho, kwa bahati njema, nitakuwa nimetengeneza kifaru hicho hicho. Kitu nilichokibuni mimi nitakikoseaje?

Nimejiuliza kama huu ni udanganyifu. Nimetafakari dakika sita. Vifaru vyote vya aina hii havikuwahi kuwepo. Changu hakikuwepo zaidi kidogo tu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimetoka shule moja kwa moja hadi mezani. Nimechora kwa wino mweusi, upande, mbele na juu. Injini nimeiweka mbele na mnara wa mzinga nyuma, kwa sababu ndivyo ninavyopenda. Muhuri nimeuchonga kwenye kifutio. Saini nimeifanya isisomeke, kama za wahandisi wote.

Nilipiga chafya mara moja, karibu na bomba la moshi. Doa dogo. Linapendeza.

Kisha nimelowesha karatasi kwenye chai ya rangi ili izeeke miaka themanini, nikaikausha kwa pasi. Kaka amepita mlangoni, amenusa, ameuliza nani anakaanga daftari.

Kasoro moja. Wino ulipokuwa umekwisha kukauka nimegundua kwamba dereva hana mlango. Ingebidi akae kwanza, halafu kifaru kijengwe kumzunguka. Nitarekebisha kwenye modeli.

Sikubaki na nakala. Nakala ndiyo humkamatisha mtu. Nimeisoma hiyo mahali.

Jumatano, 8 Mei

Maktabani. Kwenye rafu ya mwisho, karibu na dirisha lisilofunguka, kuna majarida ya uhandisi yaliyojalidiwa pamoja, juzuu thelathini na mbili. Mzee wa Rula huyasoma kila Jumamosi kuanzia saa tatu, juzuu moja kwa wiki, kwa mpangilio. Jumamosi iliyopita alimaliza Juzuu ya Nane. Nimemfuatilia kutoka meza ya jirani kwa muda mrefu. Hakuna mtu mwingine anayesoma majarida hayo.

Nimeweka mchoro wangu ndani ya Juzuu ya Tisa, ukurasa wa 112.

Mkutubi ameniuliza kama nahitaji msaada. Nimejibu hapana kwa sauti ndogo kiasi kwamba amesogea na kuniuliza tena. Ili nisitoke mikono mitupu nimeazima kitabu cha mifereji ya maji taka. Amenitazama kwa huruma.

Jumamosi, 11 Mei

Balaa!

Nilifika maktabani kabla ya saa tatu. Nimekaa nyuma ya mifereji ya maji taka. Mzee wa Rula ameingia, amevua kofia, ameenda kwenye rafu, ameinua mkono. Mkono umebaki hewani.

Kati ya Juzuu ya Nane na Juzuu ya Kumi kulikuwa na pengo.

Amemuuliza mkutubi. Mkutubi amefungua rejista, akasema imeazimwa tangu Alhamisi, na yule kijana anayejua kila kitu. Mzee amevaa kofia yake na kurudi nyumbani. Yeye haruki juzuu.

Kijana anayejua kila kitu ni Kamusi. Yuko shule yetu, darasa la jirani. Anatengeneza modeli pia. Mwaka jana alikuwa wa pili. Ukimuuliza saa, atakueleza saa iligunduliwaje. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba ana moyo mzuri. Huwezi hata kumchukia ukatulia.

Jumatatu, 13 Mei

Wakati wa mapumziko Kamusi amenivuta hadi nyuma ya maabara. Ameniapisha nisimwambie mtu. Kisha ametoa bahasha, na ndani ya bahasha karatasi ya plastiki, na ndani ya plastiki mchoro wangu.

Amesema dada, hiki ni kitu! Dada, hiki ni kitu! Amesema ametafuta kwenye kila kitabu na hakuna popote kifaru hiki kilipotajwa, na kwamba shule nzima ni mimi peke yangu ninayeweza kuelewa maana yake. Nimesema, "Kweli."

Ameniambia niinuse. Amesema hiyo ndiyo harufu ya kumbukumbu za kale. Ilikuwa chai. Kwenye kona kuna alama ya ncha ya pasi, imeungua kidogo. Amenieleza kwa sauti ya chini kwamba huenda ofisi yao ilishambuliwa.

Nimemwomba nitazame kidogo. Kengele imelia. Kidole chake kilikuwa kimeziba magurudumu ya nyuma. Nimehesabu sita. Au saba, ukihesabu la chini ya kidole.

Atakitengeneza kwa maonyesho. Mchoro wangu!

Nimefikiria njia tatu. Kusema ukweli: hapana. Kutengeneza kifaru kingine: muda hautoshi. Kutengeneza hicho hicho na kumshinda: bila shaka. Aliyekibuni ni mimi. Nani atakijua kuliko mimi?

Jumatano, 15 Mei

Kazi inakwenda vizuri. Bodi ni kadibodi ya boksi la viatu, tabaka tatu, nimeipiga msasa mpaka ikawa laini kama bati. Mtutu wa mzinga ni kalamu isiyo na wino. Ribiti, vile vichwa vya misumari ya kuungia bati, nimezifanya kwa matone ya gundi kwenye ncha ya sindano, moja moja. Ziko mia tatu na kumi na mbili. Mia na nne za kwanza nimezirudia.

Magurudumu ni vifuniko vya dawa ya meno. Nilikuwa navyo kumi na viwili tu. Kwa hiyo ni sita kila upande. Kumbukumbu yangu na vifuniko vimekubaliana.

Mlango wa dereva umetoka mzuri kuliko vyote. Una bawaba ya waya. Unafunguka! Nimeufungua na kuufunga labda mara hamsini.

Kaka ameingia akiwa ameshika dawa ya meno iliyokauka kama chokaa. Ameuliza kama Jenerali ameanza kupora raia.

Ijumaa, 17 Mei

Rangi imekauka. Kijivu chenye ukijani. Kuna alama moja ya kidole kwenye mnara, lakini kwa mbali inaonekana kama tope la vita.

Shuleni Kamusi amenijia. Nimemwambia, kwa kuwa ingejulikana tu kesho, kwamba na mimi nimetengeneza kifaru kile kile. Nilitegemea akasirike. Amenipa mkono! Amesema vema, sasa viko viwili duniani. Kisha amesema anaweza kuniazima mchoro jioni nzima ya leo, nilinganishe kila kitu kwa rula, yeye amekwisha kumaliza.

Ilinichoma. Mchoro wangu mwenyewe, niazimwe! Nimemjibu kwamba hakuna haja, ninao wote kichwani. Amenitazama kwa heshima kubwa. Nimeondoka nikitembea wima.

Nimefika kama hatua ishirini hivi ndipo nikakumbuka kwamba sinao kichwani. Nimegeuka. Alikuwa amekwisha kupanda basi.

Jumamosi, 18 Mei

Maonyesho. Nitaandika kwa mpangilio, bila hasira.

Meza nne ziliunganishwa katika ukumbi wa kusomea, zikafunikwa kitambaa cheupe. Washiriki sita. Meli mbili, ndege moja, daraja moja, na vifaru viwili vya aina moja ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Watu wote walikuja upande wetu. Mama na Kaka walikuwa wamesimama karibu na dirisha. Kaka alikuwa amekuja kwa sababu aliahidiwa soda.

Mzee wa Rula ameupokea mchoro kwa Kamusi. Amebadili miwani. Ameukagua muda mrefu hivi kwamba mtoto wa mtu fulani ameulizia choo, ameenda na amerudi. Kisha ameinua kichwa na kuomba wote watazame kitu kimoja. Dereva hana mlango.

Nimejua nimekwisha.

Lakini amesema hapo ndipo penye ushahidi. Mwongo, amesema, angemkumbuka dereva. Mwongo ni mtu mwangalifu. Kumsahau dereva kunahitaji ofisi ya kweli, ambamo mmoja anachora bodi, mwingine anachora kiti, na hawasalimiani. Yeye amefanya kazi ofisi kama hiyo miaka thelathini na nane. Mchoro ni wa kweli kabisa. Watu wamepiga makofi. Na mimi nimepiga kidogo.

Kisha ametoa rula.

Kifaru cha Kamusi: magurudumu saba, saba. Mlango wa dereva, hakuna. Urefu wa mtutu sawasawa. Karibu na bomba la moshi Kamusi ametengeneza kikofia kidogo cha bati, cha kuzuia mvua isiingie. Mzee amekipima, amekitazama mchoroni, ametikisa kichwa kwa mshangao. Kipo. Ni chafya yangu.

Kifaru changu: magurudumu sita. Mzee ameguna. Amehesabu tena kana kwamba ananisaidia. Sita. Kisha ameuona mlango, ameufungua kwa ncha ya rula, ameufunga. Ameniuliza taratibu, mwanangu, mlango huu umeutoa wapi?

Nimesema, "Dereva angeingiaje?"

Amesema hakuingia. Ndiyo maana hakikutengenezwa. Amesema nina moyo mwema na ribiti zangu ni safi, lakini kazi yetu si kurekebisha historia.

Nafasi ya nne. Daraja limenishinda.

Nimefungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema kwamba historia yenyewe ni mimi. Lakini Kamusi alikuwa analia kwa furaha, mama yake anampiga picha mbele ya kabati la kioo, na watu walikuwa wengi. Nimefunga mdomo. Nje, Kaka amenipa soda yake, nusu. Hajaniita Jenerali. Hilo limeniogopesha kuliko yote.

Jumanne, 21 Mei

Nimefikiria upya maneno ya sharti. Mama alisema: kazi yangu ikiingia kabatini. Sasa, kabatini kuna kifaru nilichokibuni mimi, kila mstari. Hoja hii haina tundu hata moja.

Nimempeleka Mama maktabani alipotoka kazini. Amesimama mbele ya kabati na begi lake begani. Amesoma kibandiko kwa sauti, pole pole: kimegunduliwa na kutengenezwa na fulani, na fulani si mimi. Amenigeukia, amesubiri.

Nimesema yote. Sijawahi kusema sentensi ndefu namna ile mbele ya binadamu. Chai, pasi, kifutio, Juzuu ya Tisa, chafya. Nimemwambia kwamba kwa maana ya ndani zaidi kifaru kile ni changu.

Mama amesikiliza mpaka mwisho. Kisha ameuliza kama hiyo ndiyo pasi iliyotia doa la rangi ya kahawia kwenye blauzi yake ya kazini.

Nimesema inawezekana.

Amesema, "Meza, mwanangu."

Tulipokuwa tunavuka barabara ameongeza kwamba Jumamosi nitamwendea yule mzee na kumwambia kwa mdomo wangu. Yeye hatanisemea. Mtu anayeweza kusahau dereva mzima, amesema, anaweza kukumbuka njia ya maktaba.

Ijumaa, 24 Mei

Shangazi amefika. Cherehani ni ya chuma, nzito, nyeusi, na imetua chini ya dirisha kana kwamba meza ilitengenezwa kwa ajili yake. Mguu mfupi haujatikisika hata kidogo. Kwangu ulikuwa unatikisika kila siku.

Vifaru kumi na viwili vimehamia juu ya kabati la nguo. Mimi nimehamia kwenye ubao wa kupigia pasi. Ukiegemea ncha yake, ncha ya pili inainuka. Nimepoteza kibano na nusu ya mnyororo.

Nilidhamiria kumnunia Shangazi mpaka mwisho wa muhula. Ameniuliza vifaru vile vilitumika wapi. Nimesema hakuna popote, havikutengenezwa. Amekata uzi kwa meno, akasema basi ni kama gauni tatu za harusi alizo nazo sandukuni. Zilipimwa, zikakatwa, wenyewe hawakurudi. Ameniuliza kama nataka kuziona.

Nimeziona. Mishono yake ni midogo kuliko ribiti zangu. Kununa kumekuwa kugumu sana.

Jumamosi, 25 Mei

Leo ndiyo siku. Nimeandaa sentensi ya kukiri, maneno kumi na moja, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni mpaka Kaka akagonga mlango. Nimeingia maktabani saa tatu na dakika tano. Nimemwamkia Mzee wa Rula, aliyekuwa amefungua Juzuu ya Tisa, iliyorudishwa hatimaye. Nimevuta pumzi.

Amesema afadhali nimekuja, alikuwa ananitafuta. Anaandika makala kuhusu kile kifaru kwa jarida la chama. Ana kila kitu isipokuwa mtu. Ni nani aliyekichora? Saini haisomeki. Amesema ameutazama mchoro ule wiki nzima na ameupenda mkono ule. Mstari ulionyooka lakini wenye haya, wa mtu anayechora kama anaomba ruhusa. Miaka thelathini na nane kiwandani, amesema, hakuwahi kukaa karibu na mkono kama huo. Kisha amesema hakuna anayezijua rafu hizi kama mimi, na ameniomba nimsaidie kumtafuta mtu huyo kabla hajasahaulika kabisa.

Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo kuhusu mstari wangu.

Maneno kumi na moja yalikuwa tayari mdomoni. Nimeyashika. Nimemuuliza anadhani mhandisi huyo alizaliwa wapi.

Amefikiri. Amesema labda mahali penye mwanga hafifu.

Ninaandika haya kwenye ubao wa pasi. Shangazi anashona, Mama ameuliza kama nimemwona mzee, nimesema ndiyo, tumezungumza kwa kirefu. Pembeni yangu kuna barua mbili za mhandisi, zote zimekauka vizuri. Alikuwa mtu mwenye haya, aliyesoma sana, ambaye hakueleweka na kaka yake. Alifanya kazi zake zote kwenye meza moja chini ya dirisha. Kifaru kilikuwa bado mwezi mmoja tu kikamilike, na mlango wa dereva ulikuwa umepangwa kuchorwa wiki iliyofuata. Lakini shangazi yake akahamia kwao na cherehani, na mradi ukasimamishwa.

Jumatano nitaziweka ndani ya Juzuu ya Kumi, ambayo mzee ataifikia Jumamosi. Hakuna hatari yoyote. Hakuna mtu mwingine anayesoma majarida hayo.